Jina la Zamani, Mche Dhaifu

Anayeagiza miche kwa posta hununua kitu ambacho hajakishika. Hapa Marekani analipa Februari, theluji ikiwa bado mlangoni, na boksi linamfikia Aprili. Kwa miezi hiyo miwili hana cha kutegemea ila jina la kampuni. Ndiyo maana majina hayo yana thamani, na ndiyo maana yananunuliwa.

Mwaka jana nilifungua boksi la waridi lililouzwa kama la daraja la kwanza. Kwa waridi la mizizi mitupu, yaani linalouzwa bila udongo wala chungu, daraja hilo hudai matawi yenye nguvu yasiyopungua matatu. Langu lilikuwa na mawili, membamba kama penseli, na mizizi imekatwa ikabaki urefu wa kidole. Jina lililokuwa juu ya boksi ni la zamani sana, ila wenye kampuni wamebadilika.

Wapenda bustani wengi wana jibu tayari: wenye mtaji wamenunua, wakabana matumizi, mche ukadhoofika. Mfano unaowauma zaidi ni Heronswood, kitalu kilichoanzishwa 1987 huko Kingston, jimbo la Washington, na Dan Hinkley na Robert Jones. Hinkley alisafiri Asia akirudi na mbegu za mimea ambayo wakulima wengi wa bustani hawakuwahi kuisikia, na orodha yake ya mauzo, karibu yote maandishi matupu, watu waliisoma kama kitabu. Mwaka 2000 Burpee, kampuni kubwa ya mbegu, ikakinunua. Mei 2006 kikafungwa. Ni kweli kwamba kukuza aina nyingi hivyo, kila moja kwa idadi ndogo, ni kazi ghali. Lakini kilichopotea ni ujuzi wa watu walioijua mimea ile mmoja mmoja, na ujuzi huo hausafirishwi kwa lori. Bustani ya kitalu hicho ilipona pale kabila la Port Gamble S'Klallam, wenyeji wa asili wa eneo hilo, lilipoinunua 2012 na Hinkley akarudi kuisimamia.

Hata hivyo, siwezi kusema kila ununuzi ni maangamizi. Foster & Gallagher ya Illinois, iliyomiliki majina kadhaa ya kuuza mimea kwa posta, ilipofilisika 2001, majina kama Breck's, iliyoanza 1818, na Gurney's yangeweza kuzikwa nayo. Gardens Alive ya Indiana iliyachukua, na yakaendelea kuuza. Kuna pia wenye vitalu waliozeeka bila mtoto anayetaka kurithi jembe. Kwao mnunuzi ni mkombozi. Na tusisahau kwamba kampuni za posta zinabanwa pia na maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, yanayouza mche ukiwa kwenye chungu, umechanua, mteja anauona kwa macho yake. Burpee yenyewe iliuzwa kwa kampuni ya vyakula ya General Foods 1970, ikapita mikono mingine, na 1991 ikaingia mikononi mwa George Ball, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa mbegu na maua. Bado ipo.

Kwa hiyo swali langu si nani anamiliki. Ni umbali uliopo kati ya anayekuza na anayeuza. Johnny's Selected Seeds ya Maine nayo iliuzwa na mwanzilishi wake, lakini kwa wafanyakazi wenyewe, na tangu 2015 ni yao yote. Anayeijaribu mbegu shambani ndiye mwenye hisa. Hatari huanza majina matano yanapouza mche uleule kutoka ghala moja, picha tofauti, bei tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeumwagilia maji.

Niliwaandikia wauzaji wangu kuuliza waridi lile lilikuzwa wapi. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, kwa adabu, na pesa zangu zikarudishwa zote. Lilikuzwa wapi, hawakusema.