Mtoto aliyezaliwa Nakonde asiandikishwe kama kazaliwa Tunduma

Kuna ushauri mbaya unaozunguka sana Tunduma, Kyela na hata Mbeya mjini: mtoto akizaliwa ng'ambo ya mpaka, iwe Nakonde ya Zambia au Karonga ya Malawi, mrudishe haraka, mtafutie kadi ya kliniki ya huku, mwandikishe kama kazaliwa huku, mambo yaishe. Wanaoutoa wanaamini wanamsaidia mtoto. Mimi nasema wanamnyang'anya haki aliyonayo tayari na kumtwisha uongo ambao atalazimika kuurudia kila atakapojaza fomu.

Haki hiyo imo katika Sheria ya Uraia Na. 6 ya mwaka 1995, kifungu cha 6. Aliyezaliwa nje ya nchi tangu siku ya Muungano, yaani 26 Aprili 1964, ni raia wa kurithi kuanzia siku ya kuzaliwa kwake ikiwa siku hiyo baba au mama yake ni raia wa Tanzania, mradi uraia wa mzazi huyo wenyewe si wa kurithi. Haombi kupewa uraia. Anao. Kazi iliyobaki ni kuuthibitisha, na mzigo huo uko kwenu wazazi.

Soma kifungu hicho polepole. Kinasema baba au mama, kwa hiyo mama Mtanzania aliyezaa na Mzambia anampa mtoto uraia sawasawa na baba. Kinasema siku hiyo. Mzazi aliyeapa uraia wa Uingereza mwezi Machi alipoteza wa Tanzania, na mtoto aliyezaliwa Juni hawezi kurithi kwake hata kama pasipoti ya zamani ya mzazi bado imo kabatini. Sharti la tatu, la mzazi asiwe raia wa kurithi, nitalirudia mwishoni kwa sababu ndilo linaloumiza familia za mpakani bila wao kujua.

Anza na cheti cha kuzaliwa cha kule alikozaliwa. Karatasi ya hospitali au kadi ya kliniki si cheti. Zambia cheti hutolewa na idara ya usajili wa taifa, pasipoti na uraia. Malawi ni ofisi ya usajili wa taifa, ambako kuandikisha kila mtoto kumekuwa lazima tangu Agosti 2015. Wazazi wengi hukikwepa cheti hiki wakihofu kwamba kitamfanya mtoto Mzambia au Mmalawi. Hofu hiyo haina msingi. Katiba ya Zambia iliyorekebishwa mwaka 2016 haimpi mtoto uraia kwa kuzaliwa tu katika ardhi yake. Lazima mzazi mmoja awe Mzambia. Malawi nayo inadai mzazi raia. Cheti kinaeleza mahali, tarehe na wazazi, basi. Hatari iko upande wa pili: mtoto wa Watanzania wawili asiye na cheti cha kule wala uthibitisho wa huku anaweza kukua bila nchi yoyote inayomtambua.

Kabla hujaondoka dirishani, kisome cheti herufi kwa herufi. Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Karani wa kule huandika jina kama alivyolisikia, Mwaipaja ikawa Mwayipaja, na mara nyingi huandika majina mawili wakati kitambulisho cha taifa cha mzazi, kile cha NIDA, kina matatu. Kurekebisha siku ileile ni jambo la dakika chache. Kurekebisha baada ya miaka kumi ni viapo, barua na safari. Kosa zito zaidi ni la mzazi Mtanzania aliyejipatia kadi ya kijani ya Zambia, ile ya raia, ili apate kazi au matibabu, kisha akaitumia kuandikisha mtoto. Cheti kinatoka kikisema mama ni Mzambia. Miaka inayofuata atahangaika kupinga karatasi aliyoitia saini mwenyewe.

Kama wazazi hawakufunga ndoa na uraia unatoka kwa baba, baba aende mwenyewe kuandikisha, jina lake liwemo tangu mwanzo. Ubishi ukizuka baadaye kuna kipimo cha vinasaba (DNA) kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Mbeya, lakini maabara haipokei mtu aliyejileta tu. Inataka barua ya mamlaka inayotambuliwa na sheria, kama mahakama au afisa ustawi wa jamii.

Watu huenda Uhamiaji na faili nene la mtoto, halafu wanashangaa maswali yote yanamhusu mzazi. Ni lazima iwe hivyo, maana uraia wa mtoto umeegemea kwa mzazi. Kwa Songwe na Mbeya maswali hufika hadi kwa babu na bibi. Akina Sichone, Simbeye na Siame wako Tunduma na wako Nakonde. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanaelewana bila mkalimani. Kwa hiyo ukoo na lugha havithibitishi uraia. Kwa haki hiyohiyo haviukanushi, na afisa anayemkataa mtu kwa lafudhi yake anakosea. Aulize karatasi.

Karatasi gani? Cheti cha kuzaliwa cha mzazi ndicho cha kwanza. Asiye nacho aombe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, usajili wa waliochelewa, sasa kwa mtandao wa eRITA, akiambatanisha vitu vilivyoandikwa zamani, kabla hapajawa na sababu ya kudanganya: cheti cha darasa la saba, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo. Msidharau vitabu vya ubatizo. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, na misheni kongwe kama Tosamaganga kule Iringa zina kumbukumbu zenye jina la mtoto, wazazi wake na kijiji. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa nayo iambatanishwe, lakini inaonyesha makazi tu. Peke yake haitoshi na haitakiwi kutosha. Hati za kiapo za wazee wa ukoo zinajaza mapengo zikiwa na maelezo kamili: nani alizaliwa wapi, kwa nani, na mzee huyo amelijuaje. Kiapo kinachosema tu "namfahamu ni Mtanzania" hakimsaidii mtu. Mpelekeni mzee kwa hakimu au wakili angali hai na kumbukumbu zake zimetulia.

Faili likikamilika, ombi la pasipoti ya mtoto ndiyo njia nyepesi ya kupata uthibitisho unaoshikika mkononi. Fomu hujazwa mtandaoni, unapata namba ya malipo, kisha unapeleka nakala na vyeti halisi Uhamiaji mkoani, au ubalozini Lusaka au Lilongwe kama bado mko huko. Ada ya pasipoti ya kawaida nchini ni shilingi 150,000, na 20,000 kati ya hizo hulipwa mwanzoni kwa ajili ya fomu. Mtoto chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Fanyeni mapema, kwa sababu akifika chuo, Bodi ya Mikopo humtaka aliyezaliwa nje awe na barua ya uthibitisho ya RITA, na dirisha la maombi halimsubiri mtu.

Kwa wale ambao tayari mtoto ana cheti cha uongo: rekebisheni sasa, kabla hajafika NIDA. Tafuteni wakili, mwandikieni Msajili RITA, ambatanisheni cheti halisi cha kule. Aibu ni ndogo kuliko kijana wa miaka 20 kukutwa na vyeti viwili vya nchi mbili na kuanza kushukiwa hata kwa yale ambayo ni kweli.

Mwenye mzazi mmoja Mzambia au Mmalawi ana uraia wa nchi mbili utotoni bila kosa lolote. Zambia na Malawi hazimlazimishi kuchagua. Tanzania inamlazimisha akifikisha miaka 18. Lazima aukane ule mwingine na kula kiapo cha utii, la sivyo anapoteza wa Tanzania. Mkumbusheni akiwa na miaka 17, si 25.

Sasa lile sharti la tatu. Uraia wa kurithi hauvuki mpaka mara mbili. Binti aliyezaliwa Karonga kwa mama Mtanzania ni raia, lakini naye akijifungulia Karonga, na baba wa mtoto si Mtanzania au pia ni raia wa kurithi, mtoto huyo hapati uraia wetu kwa kifungu cha 6. Ajifungulie Kyela. Kisha achukue cheti cha mtoto hapohapo kituoni au kwa mtendaji wa kata, kwa maana mpango wa kusajili watoto chini ya miaka mitano ulianzia mkoa wa Mbeya mwaka 2013 na cheti hicho cha kwanza hutolewa bure.