Unahodha wa Siku Nne

Mwenye boti alitumia dakika 20 kutufundisha. Dakika zote hizo mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mjusi: ndiyo, naam, hilo nalijua. Mke wangu alitoa daftari dogo kwenye mkoba akawa anaandika. Nilimwonea haya kidogo. Mtu mzima anaandika kama mtoto wa shule, na huku ameolewa na mwanamume aliyesoma mwongozo wa boti, kurasa mbili za mwanzo zote.

Safari ilikuwa ya siku 4: kushuka na mto siku mbili, kupandisha siku mbili, usiku tunalala humo humo. Boti yenyewe mita 6, mashine ya nguvu za farasi 15 imefungwa nyuma, turubai juu, magodoro mawili juu ya mbao, na tangi jekundu la petroli. Kutoka kwenye tangi kuna mpira unaopeleka mafuta kwenye mashine, na katikati ya mpira huo kuna kibofu, kama yai la bata hivi. Unakibonyeza mpaka kiwe kigumu, ndipo unawasha. Hicho kibofu kikumbukeni.

Katika yote aliyoambiwa, moja lilimkaa mke wangu rohoni. Mashine hizi hupoozwa na maji ya mto: inayanyonya kwa chini, inayazungusha tumboni, halafu uzi mwembamba wa maji unachuruzika nje kwa nyuma. Mwenye boti alilieleza kwa lugha ya watu wa boti. "Dada, muda wote uangalie kama inakojoa. Isipokojoa zimeni hapo hapo, vinginevyo mtaniunguzia mashine."

Basi. Kwa siku nne tuliongea habari za haja ndogo ya ile mashine kuliko tulivyowahi kuongea habari za watoto wetu.

"Inakojoa," ananitangazia.

"Vizuri."

Dakika tano zinapita. "Bado inakojoa."

Saa ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili nikamwona korongo amesimama ukingoni kwa mguu mmoja, nikainuka nimwonyeshe mke wangu. Mashine ikazima. Nikavuta kamba ya kuwashia. Nikavuta tena. Nilivuta mpaka bega likaanza kuniuliza maswali, na boti inakwenda kinyumenyume na mkondo, korongo anatutazama.

"Mume wangu," akasema kwa upole, "hiyo kamba nyekundu inayoning'inia kwenye jaketi lako ni ya nini?"

Ilikuwa ni ile kamba ya usalama. Ncha moja unaivaa wewe, nyingine imebanwa kwenye mashine; ukianguka majini inachomoka, mashine inazima, boti haikukimbii wala pangaboi halikukati. Mimi sikuanguka. Niliinuka tu kwa ajili ya korongo.

Nikairudisha mahali pake bila kusema kitu. Na yeye hakusema kitu. Ila alifungua daftari, akatia alama ya vema.

Habari ya kona nitaipitia haraka kwa sababu hainijengei heshima. Kwenye kona ya mto maji ya kina yako upande wa nje, kwa ndani mto unatua mchanga wake. Mimi nikaona njia ya mkato. Tukapwelewa juu ya fungu, pangaboi linachota mchanga kama jembe, na mke wangu akaripoti kwamba mashine sasa inakojoa tope. Nilishuka nikasukuma. Maji yalinifika magotini. Twende mbele.

Jioni ikafika saa ya kutia nanga, na hapo nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nakumbuka kabisa (bila daftari!) kwamba kamba ya nanga inatakiwa iwe mara 5 hadi 7 ya kina cha maji, ili nanga ilale chini iume vizuri badala ya kuning'inia. Nikasimama mbele kwenye omo, nikaitupa kwa mbwembwe, nikaanza kuiachia kamba huku nahesabu kwa sauti. Kamba inateleza viganjani taratibu, raha tupu. Tatu. Nne. Tano. Sita. Nilipofika saba nikauona mkia wa kamba unapita mbele ya macho yangu, ukanipungia, ukazama.

Kimya. Chura mmoja tu alitoa maoni.

"'Kabla ya kutupa nanga,'" mke wangu akasoma, "'hakikisha ncha ya pili imefungwa botini.' Nimepigia mstari hapa. Mistari miwili."

Kwa hiyo usiku huo tuliifunga boti kwenye miti ya ukingoni, kamba moja mbele, moja nyuma. Nilizikaza kwelikweli, maana baada ya mambo ya nanga nilitaka kitu kiwe imara angalau kimoja. Mke wangu akauliza kama nisingeacha ulegevu kidogo. Nikamwambia kamba iliyolegea ni kamba ya mtu mvivu. Sijui nilikuwa nimeitoa wapi sentensi hiyo.

Saa tisa usiku niliamka nikiwa nimemlalia mke wangu, na juu yangu kuna begi, birika na turubai. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe boti imelala ubavu. Mto ule una bwawa huko juu. Wakifunga milango, maji yanashuka (hilo lilikuwemo daftarini, ukurasa wa pili). Maji yalikuwa yameshuka, kamba zangu imara zikakataa kushuka nayo, upande mmoja wa boti ukabaki unaning'inia mitini kama kanga kwenye kamba ya nguo.

Fundo likishabeba mzigo halifunguki. Nikachukua kisu. Nilikata kamba ya mbele kwanza, na nawaombeni msifanye hivyo. Omo ikaporomoka, pwaa! Nyuma ikabaki juu, tukashuka mimi, mke wangu, magodoro na birika kwa mpangilio huo huo hadi mbele. Nikapanda kwa magoti kwenda kukata ya pili, na pwaa la pili likafuata.

Ndipo tukasikia harufu ya petroli. Boti ilipoinama, tangi lilikuwa limevuja kidogo kwenye kiskrubu kile cha juu ya kifuniko. Hapo nilifanya jambo moja la busara katika safari nzima: nikapapasa gizani, nikakikaza kile kiskrubu mpaka mwisho, tukafungua turubai upepo upite, na hatukuwasha hata mshumaa hadi kulipokucha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini kwenye ngama ukisubiri mjinga mwenye kiberiti. Mjinga alikuwepo, lakini kiberiti kilikuwa kimelowa.

Asubuhi tukaondoka. Dakika kumi, mashine ikazima.

Safari hii nilikuwa mjanja. Kamba nyekundu? Ipo mahali pake. Nikafungua kifuniko cha tangi nitazame mafuta; tangi likatoa pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mafuta yapo. Nikafunga. Nikainua mashine nikatoa majani mawili kwenye pangaboi. Nikavuta kamba, ikawaka.

"Majani," nikamweleza.

"Hapa nimeandika 'hewa ya tangi'," akasema. "Ni nini?"

"Hayo mambo ya kiufundi."

Dakika kumi, ikazima. Nikafungua tangi, fyuuu, mafuta yapo, nikafunga. Nikatoa plagi, nikaipangusa kwa shati, nikairudisha. Ikawaka. "Plagi," nikasema. Dakika kumi nyingine, kimya. Tangi, fyuuu, mafuta yapo. Nikakaza nati fulani ambayo hata haikuwa imelegea. Ikawaka. "Nati." Siku ya pili nzima ilikwisha hivyo, na ya tatu ikaanza hivyo hivyo, sasa tunapandisha, kwa maana kila ikizima mto unatunyang'anya tulichopata. Nilikuwa nimeshaandaa nadharia sita, kila moja imethibitishwa kwa vitendo, zote za uongo. Kwenye ya saba spana ilinichomoka mkononi ikaenda kuishi na nanga.

Nikakaa chini, mikono michafu hadi kwenye viwiko. Mke wangu alikuwa ameinama juu ya mpira wa mafuta.

"Hiki kibofu si kinatakiwa kiwe kigumu?"

"Ndiyo."

"Mbona kimesinyaa kama ndimu kavu? Na tangi mbona limeingia mashavu?"

Nikatazama. Tangi la plastiki lilikuwa limebonyea pande zote mbili, kama mtu anayefyonza mrija uliozibwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Mashine inavuta mafuta, lakini hewa haina pa kuingilia kuchukua nafasi yake, mwishowe tangi linang'ang'ania kilichobaki. Kila nilipofungua kifuniko kutazama mafuta, hewa iliingia, tukapata dakika kumi. Ningeweza kuimba badala ya kupangusa plagi, na ingewaka vilevile.

Akakilegeza kile kiskrubu cha hewa, nilichokikaza usiku ule, kwa vidole viwili. Fyuuuuu, ndefu kuliko zote. Mashavu ya tangi yakarudi, pop, kushoto, pop, kulia. Akabonyeza kibofu, kikawa kigumu. Akashika kamba ya kuwashia, akavuta mara moja.

Hakunitazama. Hilo ndilo lililoniuma. Alikaa tu nyuma, akashika mkono wa mashine, tukaondoka, na kwenye kona akapita nje.

Mimi nikapewa kazi yake.

"Inakojoa?"

"Inakojoa, nahodha."

Siku ya nne tulifika bandarini bila mashine kukohoa hata mara moja. Mwenye boti akapita akikagua: majaketi mawili, makafi mawili, birika lenye bonde. Kamba zimekatwa, akaguna. Akafungua kisanduku cha vifaa, akaguna tena. Akaenda mbele, akasimama muda mrefu akitazama mahali palipo wazi.

"Nanga iko wapi?"

Sikujibu. Nilikuwa nasoma maandishi kwenye jaketi langu.

"Haya, nahodha wa boti hii alikuwa nani? Nijue namdai nani."

Nilimwonyesha mke wangu. Haraka sana, nakiri, na kwa kidole.

Mke wangu akafungua daftari, akalamba kidole, akafunua kurasa tatu nyuma. "Kaka, mimi nimeshika usukani jana saa saba na robo mchana," akasema, akamgeuzia asome mwenyewe. "Nanga iliondoka chini ya uongozi uliopita."