Presha ya Msimu Malindi: Nani Ana Haki, Meneja au Mhudumu?

Desemba ikiingia, hoteli za Malindi hujaa wageni na kazi hupanda ghafla. Mameneja hushikilia kwamba presha humtoa mtu uzembe. Wahudumu husema inawamaliza. Nimewasikiliza wote, na sioni upande unaosema uongo.

Mwaka 1908 wanasaikolojia wa Marekani, Yerkes na Dodson, waliwafundisha panya kwa mishtuko ya umeme. Kazi ilipokuwa nyepesi, mshtuko mkali uliwafanya wajifunze haraka. Ilipokuwa ngumu, mshtuko wa wastani ndio uliofaa, na mkali uliwachelewesha. Binadamu ana mengi zaidi kichwani, lakini tofauti hiyo naiona hotelini. Anayetandika vitanda anaweza kuongeza kasi akihimizwa. Aliye mapokezi, anayetuliza mgeni Mwitaliano aliyekasirika huku akikagua bili na simu inalia, ukimfokea atakosea hesabu.

Kuna jambo zito zaidi. Mtafiti wa masuala ya kazi, Robert Karasek, alieleza mwaka 1979 kwamba kinachoumiza hasa ni kazi nyingi ikikutana na uwezo mdogo wa kuamua. Hapo ndipo wahudumu wetu walipo. Zamu ya kesho unaambiwa leo usiku. Mtoto akiugua, huna wa kubadilishana naye. Na nyuma ya yote ipo hofu ya mvua za masika, hoteli zinapopunguza watu na mkataba wa msimu kuisha. Mwenye hofu hiyo huficha homa, huficha pia kosa alilofanya jikoni. Meneja anaona tabasamu na kudhani mambo ni shwari, mpaka mgeni alalamike.

Mameneja hujibu kwamba mapato ya miezi michache ndiyo yanayobeba mwaka, na kwamba wafanyakazi wenyewe huomba saa za ziada. Ni kweli, na anayelipia karo hawezi kulaumiwa kwa kuziomba. Ila Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku hiyo si zawadi ya meneja.

Kupunguza wageni hakuna anayetaka. Ratiba ya zamu ikibandikwa wiki mbili kabla, na kila mtu akaambiwa mwezi Februari kama atabaki masika au la, hoteli haitatumia fedha nyingi. Mimi ningeanzia hapo, kabla ya kumwita yeyote mvivu.