Jamani, nilikuwa natafuta besi

Wote mliopokea ile sauti aliyorekodi shemeji yangu, akisimulia alivyonikuta natambaa mbele ya spika, nipeni na mimi nafasi. Najua mmeshacheka. Hata ile picha mliyotengeneza ya mtu anayemsujudia spika nimeiona, imefika mpaka ofisini. Lakini huyo shemeji, dogo wa chuo, UDOM, hajui lolote kuhusu besi, yaani zile sauti nzito za chini za muziki, kasimulia alichokiona tu. Na tatizo ndilo hilo, alichokiona.

Tuanze na sebule. Mnaofika kwangu Ilazo mnaijua: mraba, mita 4 kwa 4, vigae chini, kuta tupu. Kwa kukaa ni nzuri, kwa besi ni janga. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba cha mita 4, kwenda na kurudi mita 8, kina noti yake kinayoipenda, pale kwenye herizi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, na kikiwa mraba basi urefu na upana vyote vinaipenda noti ileile. Ikipita, bati linaitika, dirisha linaitika, sufuria za jirani zinaitika. Halafu katikati ya chumba, ambako kochi langu lilikuwa limekaa kama bwana harusi, huisikii kabisa, maana wimbi linalokwenda na linalorudi kutoka ukutani yanauana hapohapo. Nimejinyima nikanunua sabufa, spika ya besi tupu, ya inchi 12, anayefaidi ni mke wangu jikoni!

Fundi wa Sabasaba aliniambia, "Itupie konani, kaka, itanguruma." Ikanguruma kweli. Kona inaipa besi nguvu, ila inaamsha na kila ugonjwa wa chumba. Nikaongeza volumu, pale kochini shimo la kimya likabaki shimo, aliyeongezewa ni jirani.

Dawa yake inajulikana kwa watu wa muziki, sikuibuni mimi, naomba hilo lieleweke. Sabufa unaiweka pale unapokaa wewe, usawa wa masikio. Wewe unashuka chini, unatambaa kandokando ya ukuta ukitega sikio. Mahali utakapokuta noti zote zinalingana, hakuna inayoruka wala inayozama, hapo ndipo pa kuiweka sabufa. Inawezekana kwa sababu njia ya sauti ya kwenda na ya kurudi ni moja.

Kwa hiyo nikalivuta kwanza kochi nyuma, maana katikati kabisa ya mraba hakuna sabufa itakayokuokoa. Juu ya kochi nikaweka stuli, juu ya stuli nikaweka sabufa. Ikawa inatetemeka inataka kuteleza, nikaifunga kanga kiunoni, ile ya kwanza niliyoikuta kwenye kamba. (Hiyo kanga msiisahau.) Pazia nikashusha. Joto la Oktoba la Dodoma mnalijua, nikabaki na bukta, tena bukta ya enzi za sekondari. Kwenye simu nikawasha mlio wa majaribio, unaoshuka polepole kutoka herizi 80 mpaka 30, kisha unapanda tena. Kwa ambao hamjawahi kuusikia, ni mguno. Uuuuuuu. Hauna maneno, hauna mdundo, ni mguno tu.

Mama mkwe alikuwa anakuja jioni kutoka Morogoro. Hesabu yangu ilikuwa ya basi: Gairo watasimama wale, Kibaigwa washushe na kupakia, mpaka waingie mjini nimeshamaliza na kuoga. Hakuna aliyeniambia mama amepanda SGR, ile treni ya mwendo kasi. Mke wangu mwenyewe alikuwa bado Majengo sokoni anabishana bei ya kuku. Shemeji ndiye aliyetumwa stesheni.

Anaapa kwamba walipiga hodi. Sibishi. Ningeisikia wapi?

Basi, natambaa. Macho nimefumba, ukifumba unasikia vizuri zaidi. Pembeni ya meza ya TV besi nzito mno, nikapita. Chini ya dirisha hakuna kitu. Nina tabia ya kuongea peke yangu nikiwa kazini, kwa hiyo nilikuwa nasema, "Hapana... bado... uko wapi wewe... hapa nakusikia kwa mbali..." Nikageukia upande wa mlango. Besi ikaanza kutulia. Noti zikawa zinashuka laini, moja baada ya nyingine, hata ile 43 yenye kiburi imeshika adabu. Furaha ikanipanda. Nikasema kwa sauti kubwa, "Ahaa! Umekuja! Sasa usiondoke!"

Mkono wangu ukagusa mguu.

Akili ikaniambia huyo mke wangu, karudi sokoni. Sikuhangaika hata kufumbua macho. Nikaukamata ule mguu, kwenye kifundo kabisa, nikausukuma pembeni kwa mahaba: "Mpenzi, sogea, unanizibia."

Mguu haukusogea.

Nikapapasa. Soksi. Mke wangu havai soksi. Nikafumbua jicho moja. Raba nyeupe. Pindo la kitenge. Nikapanda na kitenge taratibu, sikutaka kufika juu: mkoba umekumbatiwa kifuani kwa mikono miwili, kilemba, na uso wa mama yake mke wangu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kochi.

Uuuuuuu, ikasema sabufa.

"Shikamoo mama," nikatamka hukohuko chini. Sidhani kama kuna mkwe amewahi kuamkia kwa heshima ile, magoti, viganja, na karibu paji la uso.

Kimya. Mguno ukashuka mpaka chini kabisa, ukaanza kupanda tena.

"Marahaba, baba." Halafu, kwa ile sauti tunayomsemesha mgonjwa: "Na huyo mgeni wako, aliyevaa kanga yangu, ni nani?"

Ni yake kweli. Aliileta mwenyewe alipokuja kumwona mjukuu. Imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na maandishi yalikuwa yamekaa barabara tumboni mwa sabufa, yanatetemeka.

Hebu jaribuni ninyi kumweleza mama mkwe habari za mawimbi mkiwa na bukta. Nilichoweza kutoa ni hiki: "Mama, huyu namkalisha kwenye kiti changu, halafu mimi ndio natafuta mahali pake." Nyuma yake shemeji kashika begi mkono mmoja, simu mkono mwingine.

Mengine mafupi. Mke wangu alirudi akaeleza, mama akala kuku, akalala. Asubuhi mashangazi wa Kilosa wakapiga kuuliza hali yangu, mmoja akataka kujua mganga ni wa wapi. Mchungaji naye kasema atapita. Sabufa iko pale mama aliposimama, mpaka wa noti zake (krosova) kwenye herizi 80, wimbi limegeuzwa (fezi 180), na besi imelainika, waulizeni hata majirani. Kinachobaki cha ile 43 kingeondoka kwa sabufa ya pili ukuta wa mkabala. Nimelitaja hilo nyumbani, nimejibiwa nithubutu.

Mama ameshaondoka. Kanga kaondoka nayo, doti nzima, hadi kile kipande ambacho sabufa haikukivaa.