Injinia wa Uganda na bahari ya watu wengine

Hapa Uganda ukianza habari za mainjinia wa baharini na wale wa kule kwenye barafu ya kaskazini watu wanakuona umepotea njia, nchi yenyewe haina hata pwani. Sawa, lakini lile bomba la mafuta linaloanzia Hoima linaishia wapi? Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, na hapo mwisho ndo mahali pa meli kupakia, kwa hiyo anayepiga hesabu zake Hoima ana deni kwa wavuvi wa Tanga hata kama hajawahi kuonja maji ya chumvi.

Mi huwa nafikiria sana yaliyotokea Norilsk, Urusi, mwezi wa tano 2020. Tangi la dizeli lilisimama juu ya nguzo kwenye ardhi iliyoganda, nguzo zikatitia, tangi likapasuka, zaidi ya tani 20,000 zikamwagika na mto Ambarnaya ukawa mwekundu. Kampuni ikasema ni joto, ardhi imeyeyuka. Jamani, joto lilikuja usiku mmoja? Kwamba ardhi ile inalegea ilijulikana miaka mingi, kazi ya injinia ni kurudi kukagua zile nguzo na akiona mashaka apige kelele mpaka bosi amchoke. Deepwater Horizon, ule mtambo wa kuchimba mafuta baharini kwenye Ghuba ya Mexico, 2010 hivohivo, kipimo cha presha ya kisima kilionyesha kitu hakiko sawa, wakajipa maelezo, kazi ikaendelea, watu 11 wakafa na kisima kikamwaga mafuta baharini siku 87.

Sasa mafuta yetu yana nta nyingi, bila kupashwa moto njia nzima hayatembei, yakipoa yanaganda. Mvuvi anayetegemea mikoko ya Tanga anatakiwa aelezwe hilo mapema, kwa Kiswahili, na injinia mwenyewe anayejibu maswali hata yale ya kuudhi, sio kuachiwa ofisa wa mahusiano mwenye tisheti na soda. Hapo ndo mainjinia wetu wengi wananiudhi, wanadhani jamii ni kazi ya idara nyingine, wao ni michoro tu.

Ingekuwa mimi naamua, hakuna kupewa muhuri wa injinia kwenye mradi kama huu kabla hujakaa na wavuvi wiki mbili hivi, ukila wanachokula. Kama nauli ya Tanga ni ghali basi waanzie Kaiso, hapo Ziwa Albert, mbona maswali hata pale yapo mengi.