Nyanya za Ilula na chupa za Szeged

Jana usiku nilifungua chupa yangu ya mwisho ya lecsó. Kifuniko kikatoa ule mlio wake mdogo, jiko zima likanukia Septemba, nami badala ya kufurahi nikashikwa na hasira za nyanya za Ilula, kwetu Iringa. Nimelala nazo, nimeamka nazo, kwa hiyo naandika.

Kwa wasioijua, lecsó (wenyewe hutamka "lecho") ni rosti ya hoho ya Wahungaria. Ni kitunguu, hoho nyingi, nyanya, chumvi na unga wa paprika tamu. Hoho zao za kupikia si zile za kijani tulizozoea kukatia kachumbari. Ni za manjano yaliyopauka hadi kukaribia weupe, ngozi nyembamba, na zikiiva zinalainika zenyewe bila kuacha ule ukakasi wa hoho ya kijani. Kipimo cha mama mwenye nyumba wangu hapa Szeged, mji wa kusini mwa Hungaria ninakoishi, ni kilo mbili za hoho kwa kilo moja ya nyanya na vitunguu viwili vikubwa. Yeye hukaangia mafuta ya nguruwe. Asiyetumia kitimoto atie ya alizeti, inaiva vilevile. Wengine huvunjia mayai mwishoni, wengine hutia wali au soseji zao za moshi. Mimi napenda yenye mayai, na mkate wa jana wa kuchovya.

Mama huyo namwita néni, ndivyo hapa mtu humwita mwanamke aliyemzidi umri sana. Watoto wa jengo letu wakikutana naye kwenye ngazi husema "csókolom", maana yake nabusu, yaani mkono wako. Siku ya kwanza kusikia nilijua hiyo ni shikamoo, na toka siku hiyo mji huu ukapungua ugeni.

Ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa nimeshashika kijiko cha unga mwekundu juu ya mafuta yanayochemka, tayari kukaanga kama tunavyokaanga bizari nyumbani, akanidaka mkono. Akaipua sufuria, akaiweka juu ya ubao, akasubiri mafuta yatulie. Ndipo akamwaga unga, akageuza mara tatu nne, akatia hoho zote kwa mkupuo ili maji yake yaupoze, akarudisha motoni. Unga wa paprika una sukari ndani yake. Ukikutana na mafuta makali unaungua kufumba na kufumbua, unageuka mchungu, na sufuria nzima imekwenda. Ukifanya kwa utaratibu wake, mafuta yanageuka mekundu kama mawese na kila kipande cha hoho kinang'aa.

Lakini ladha siyo iliyoninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni Septemba.

Septemba hapa hoho na nyanya hushuka bei pamoja. Sokoni Mars tér watu hawanunui hoho tatu, wananunua gunia. Mwaka jana mimi na néni tulibeba kilo 10 za hoho na kilo 5 za nyanya, tukakaa jikoni kutwa nzima, madirisha yamefunguliwa, redio inaimba. Kufikia jioni tulikuwa na chupa 16 za ukubwa ule wanaoutumia wote, mililita 720. Chupa zilioshwa zikachemshwa, lecsó ikamiminwa ingali inatokota, vifuniko vipya vikakazwa. Halafu nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Néni akaleta tenga la nguo, akatandika mto na blanketi, akapanga chupa ndani zikiwa za moto, akazifunika na blanketi la pili na la tatu, akakandamiza pembeni kama anayemfunika mtoto mwenye homa. Zikaachwa humo hadi kesho yake zipoe taratibu. Wanaita dunszt. Moto wa chakula chenyewe, ukizuiwa usikimbie, unamalizia kazi. Usiku nilisikia kifuniko kimoja kimoja kikilia "tik", kikijivuta ndani.

Hakuna friji, hakuna umeme, ni blanketi tu.

Sasa nirudi kwetu. Mnaijua barabara hiyo. Ukitoka Morogoro unapita Mikumi, unafika Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, unapanda Kitonga, unatokea Ilula kwenye nyanya. Hoho zipo humohumo. Alizeti zipo Isimani, barabara ya Iringa kwenda Dodoma. Kila kinachoingia kwenye sufuria ya lecsó, ukiacha ule unga mwekundu, kinapatikana ndani ya mkoa mmoja wa Iringa, safari ya saa chache tu. Hungaria nzima haifiki watu milioni 10, inakaa miezi mitano kwenye baridi, na bado Machi mtu anakula hoho za shambani. Sisi tumewekewa kila kitu kando ya lami.

Na tunafanya nini? Nilikuwa kidato cha pili mwaka ambao baba alipiga hesabu akaweka kalamu chini. Bei ya tenga moja, toa kibarua wa kuchuma, toa tenga lenyewe, toa usafiri, toa ushuru, toa cha dalali, na bado dalali anataka tenga lenye lumbesa. Kilichobaki kilikuwa deni. Akatuambia tusichume. Ng'ombe wa jirani wakaingia shambani tusiwafukuze. Wiki nzima nyumba yetu ilinuka nyanya zilizochacha, na mama alifunga madirisha ya upande ule, nadhani si kwa ajili ya harufu tu. Miezi michache baadaye, mvua zimekolea, nyanya nne ndogo kwenye fungu zina bei ya kuku wa juzi, mama akanituma dukani nikanunue nyanya ya pakiti. Nikaigeuza pakiti nyuma: imetoka China. Nilikuwa na miaka 15 na sikujua niseme nini, nikampa mama, naye akaipasua akapikia.

Hiyo ndiyo hasira yenyewe. Nilikuwa nayo kabla sijajua Hungaria ipo wapi kwenye ramani.

Najua mtakachosema. Nimekwishaambiwa na shemeji kwenye kundi la familia, kwa herufi kubwa: umepanda ndege mara moja, sasa unatufundisha kupika nyanya. Shemeji, mimi sijafundisha mtu kupika nyanya. Rosti ya mama yangu siibadilishi na sufuria yoyote ya hapa, na néni ameila, akaomba aongezwe. Sisemi Wahungaria wana akili kutuzidi. Usukumani wana michembe na matobolwa, viazi vilivyokaushwa vinavyovuka mwaka. Dodoma wana mlenda mkavu. Tanga na Unguja wana achari za maembe na ndimu ambazo zikifika hapa néni atazifungia kabatini kwa ufunguo. Kuhifadhi tunakujua tangu mababu. Ninachouliza ni kwa nini nyanya, zao linalowatia wakulima wetu umaskini kila mavuno, tumeliacha lisimame na kuoza peke yake.

Mwingine atasema sisi tuna jua mwaka mzima, kuhifadhi ni shida ya watu wa theluji. Huyo hajawahi kununua nyanya Dar es Salaam mvua zikizidi. Kiangazi sado inajazwa kwa bei ya kutupa, masika unapewa fungu la kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kipupwe tunacho na sisi, chetu kimekaa kwenye bei. Na siku hizi kantangaze, yule mdudu anayeshambulia nyanya, akipita shambani ndiyo basi tena.

Mwingine, mwenye hoja, ataniambia mkaa na gesi ni ghali, chupa zenyewe hazipo. Hapo nakaa kimya kwanza, kwa sababu ni kweli. Chupa za soda na bia tunatengeneza wenyewe, lakini chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kukaza, utazunguka Kariakoo nzima ukiitafuta kwa bei ya mama wa Ilula. Hapa, ikifika Agosti, kila duka la mtaani limerundika mlangoni chupa tupu na mifuko ya vifuniko. Ni kitu cha kawaida kama madaftari kwetu mwezi wa kwanza. Kifuniko ndicho kinachonikera zaidi, kile kibati chenye mpira ndani, ambacho kikitumika mara moja hakiaminiki tena. Watu wanatafuta mradi wa mabilioni, kiwanda cha kusindika kitakachofunguliwa kwa utepe na hotuba. Mimi kiwanda nakitaka, na msije mkanikumbusha Dabaga ya Iringa, nimekula chipsi na tomato yake toka darasa la kwanza na ninajivunia. Lakini kiwanda kimoja au vitatu haviwezi kumeza nyanya za Ilula zote wiki moja. Nyumba elfu kadhaa, kila moja na chupa zake 16, zinaweza kumeza nyingi sana. Wahungaria hawakungoja. Paprika yao ya Szeged na ya Kalocsa ina viwanda, ina jina linalolindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya asilitumie mtu mwingine, na bado kila bibi ana chupa zake kwenye stoo.

Na hilo la jina nalo linaniuma. Hoho na paprika na pilipili nyingi tunazozijua ni mmea mmoja, Capsicum annuum, uliotoka Amerika. Wahungaria si kwao. Ulifika enzi za Waturuki, na zamani wenyewe waliuita pilipili ya Kituruki. Wameulea hadi ukawa wao. Hapahapa Szeged profesa Albert Szent-Györgyi alipata vitamini C kwa kilo kutoka kwenye hoho za mji huu, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Watoto wanafundishwa hilo shuleni. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinakwenda mbali kwenye magunia yasiyoandikwa hata herufi moja.

Wale wa upande wa pili nao, wanaonitumia ujumbe wa siri kwamba nimesema kweli, Wazungu ni waaminifu na sisi ni wezi, naomba wasiniweke kwenye kundi lao. Mwaka 2004 serikali ya Hungaria ilisimamisha uuzaji wa unga wa paprika nchi nzima baada ya kukutwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ndani yake. Unga kutoka nchi nyingine ulikuwa umechanganywa na wa hapa ukauzwa kwa jina la hapa. Mwaka huohuo, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 kule Kenya, Makueni, Kitui na jirani zake. Tamaa haina pasipoti. Sisemi huku ni peponi. Nyanya ya dukani ya Januari hapa ni maji yaliyotiwa rangi, matembele sijayaona tangu nije, na mtu anaweza kuugua wiki mbili jirani asijue.

Kwa hiyo msinijibu kwa "rudi nyumbani basi". Nyumbani narudi, na mwezi wa nane nitakuwa Ilula. Nimeshanunua vifuniko 200, havina uzito, vinaingia kwenye kona ya begi pamoja na kilo mbili za unga mwekundu. Nimeandika kwenye daftari yale ambayo néni amenirudia mpaka nimeyashika. Nyanya ndizo zenye uchachu, hoho hazina, kwa hiyo ukipunguza nyanya kwenye sufuria, ongeza siki. Chupa ziingie kwenye blanketi zikiwa za moto wa kuunguza, siyo vuguvugu. Kifuniko kikivimba, chupa hiyo inamwagwa, haionjwi hata kwa ncha ya ulimi.

Wiki iliyopita nilimweleza mama yote haya kwenye simu, blanketi, mlio wa usiku, mayai mwishoni. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Ladha hakuuliza. Aliuliza, "Ukimpa mtu, chupa itarudi?" Nikamwambia hapa inarudi, ikiwa imeoshwa, na mara nyingi ndani yake kuna kitu. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema anazo chupa sita za asali chini ya kitanda, na kwa mama mdogo kuna nne.