Miji iliyozidiwa na wageni: sanaa ina la kusema?

Karibu na daraja la Rialto mjini Venice, Italia, kwenye kiwanja cha San Bartolomeo, kuna duka la dawa lenye kibao cha taa dirishani. Kibao kinaonyesha namba moja tu, nayo haihusu dawa: ni idadi ya watu wanaoishi bado katika mji ule wa kale. Kikundi cha wenyeji kilikiweka mwaka 2008, namba ikiwa karibu 60,000. Mwaka 1951 wakazi walikuwa kama 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Anayepita kwenda kununua mkate anajisoma pale dirishani kama mgonjwa anayesoma cheti chake.

Aliyekiweka hakujiita msanii, na hakuna makumbusho yanayokidai. Hata hivyo, kila linapozuka swali la sanaa ya kisasa na utalii wa makundi, mimi narudi kwenye dirisha lile. Wapo wanaoamini kwamba msanii anaweza kuuamsha mji uliokwisha kuuzwa kwa wageni. Wapo wanaosema sanaa ni chambo kingine tu cha kuwaleta wageni haohao. Pande zote mbili zina ushahidi, tena mwingi umetoka Venice yenyewe.

Tuanze na wale wenye matumaini. Mei 2019 msanii wa Uingereza asiyejulikana sura, Banksy, alitoa video ya meza iliyopangwa mjini humo kama ya mchuuzi wa picha. Juu yake kulikuwa na turubai kadhaa za rangi ya mafuta, zenye fremu za rangi ya dhahabu kama zile za kuuzia watalii. Ukizitazama moja moja, ni vipande tu. Ukizitazama kwa pamoja, ni meli moja kubwa ya watalii iliyojaa mbele ya majumba na kuzifanya gondola, zile mashua nyembamba za Venice, zionekane kama maganda ya karanga. Askari wa manispaa wakaja na kumwondosha mchuuzi, kwa kuwa hakuwa na kibali. Kwangu hapo ndipo kazi ilipokamilika: meza ya picha ilihitaji kibali na ikafukuzwa, ilhali meli yenyewe ilikuwa ikipita kila wiki bila kuguswa.

Muda mfupi baadaye, tarehe 2 Juni 2019, meli ya MSC Opera ilishindwa kusimama kwenye mfereji wa Giudecca, ikagonga gati na mashua ya watalii na kujeruhi watu. Kuanzia Agosti 2021 serikali ya Italia ikazipiga marufuku meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa San Marco. Je, ni Banksy aliyezizuia? La. Kulikuwa na ajali ile, na tishio la UNESCO la kuuweka mji kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kabla ya yote hayo walikuwepo wakazi walioandamana kwa miaka, na mwaka 2017 zaidi ya 18,000 walijipanga kupiga kura isiyo rasmi, karibu wote wakizikataa meli hizo. Msanii alikuta moto umeshawashwa. Alichoongeza ni sura ambayo mtu aliye mbali anaweza kuishika kichwani bila kusoma ripoti.

Na sura si kitu kidogo. Mpiga picha Gianni Berengo Gardin alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80 alipoanza kuzipiga meli hizo picha za rangi nyeusi na nyeupe, kati ya 2012 na 2014. Hakuongeza chochote. Unaona kichochoro, kamba ya nguo, watu wawili wanaongea, na mwisho wa kichochoro anga limezibwa na ukuta wa chuma wenye madirisha mamia. Mwaka 2015 maonyesho yake yalipangwa kufanyika katika Jumba la Doge, lililokuwa la watawala wa zamani wa mji. Meya mpya wa mji, Luigi Brugnaro, akayasimamisha kwa hoja kwamba yanauchafulia mji jina. Picha zilikuja kuonyeshwa mahali pengine, na bila shaka zilitazamwa na wengi zaidi kwa sababu ya katazo. Wanaosema sanaa ni pambo lisilo na meno watujibu: mbona meya huyo aliogopa karatasi za ukutani?

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Banksy aliiweka video ile akilenga Bienale ya Venice, maonyesho ya sanaa yaliyoanza mwaka 1895, akieleza kwamba hajawahi kualikwa. Mwaka 2024 maonyesho hayo yaliuza tiketi karibu 700,000, katika mji wa kale ambao wakazi wake hawafiki 50,000. Kila nchi isiyo na banda lake la kudumu, yaani ukumbi wa kuonyeshea kazi zake, hutafuta jumba au ghala la kukodi. Wageni wanahitaji vitanda, na kila chumba anachopangishiwa mtazamaji wa sanaa kwa usiku mmoja ni chumba kilichomkosa mpangaji wa mwaka mzima. Hivyo hata kazi inayolia juu ya kufa kwa mji imefikiwa na watu waliokuja kwa ndege, wakalala siku tatu, wakanunua mfuko wa kitambaa wenye jina la maonyesho, wakaondoka.

Sisi watu wa pwani hatuko nje ya habari hii. Tanzania ilipata banda lake la kwanza la taifa katika Bienale hiyo mwaka 2024. Kenya ina jeraha la zamani zaidi. Mwaka 2013, na tena katika mpango wa mwaka 2015, banda lililobeba jina la Kenya lilijazwa kwa sehemu kubwa na wasanii wa China, pamoja na msanii mzaliwa wa Italia anayeishi Malindi. Wasanii wa Nairobi wakapaza sauti, mchoraji Michael Soi akachora mfululizo mzima kuhusu aibu hiyo, na mwaka 2015 serikali ikajitoa. Nililifuatilia jambo lile kwa uchungu, kwa sababu lilionyesha utalii unavyoweza kuvuka bahari. Malindi, ambako Waitaliano wamejenga na kununua kwa miongo, ilirudi Italia ikiwa na bendera ya Kenya, na wenyeji wakiwamo wachache mno.

Nenda sasa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Katika vichochoro vya Hurumzi na Gizenga kuta zimefunikwa kwa turubai tangu barazani hadi juu ya milango. Simama mbele ya ukuta mmoja uhesabu. Pundamilia. Tembo chini ya Mlima Kilimanjaro. Twiga wawili wameshikana shingo mbele ya jua jekundu. Wamasai warefu wembamba, mistari tu, wanatembea kwenda kusikojulikana. Unguja haina tembo wala twiga, na Kilimanjaro iko bara. Kinachokosekana ukutani ni kilicho mbele yake: mzee aliyekaa barazani na kikombe cha kahawa, watoto wanaorudi chuoni na juzuu zao, mama mwenye buibui anayejipenyeza kando kupisha kundi linalofuata bendera ya mwongozaji. Nyumba nyingi zilizokuwa za ukoo nyuma ya kuta hizo sasa ni hoteli au maduka ya vinyago. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na picha zile zinawaambia wageni hao kwamba mahali waliposimama hapana watu.

Ni rahisi kumlaumu mchoraji. Mimi nakataa. Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa mtindo wa picha unaobeba jina lake, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, na wanunuzi wake wakubwa tangu mwanzo walikuwa wageni. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake umelisha familia nyingi mno na kusomesha watoto wengi mno kwa mtu mwenye mshahara kuja kuuita takataka. Mchoraji wa Hurumzi anachora twiga kwa sababu twiga ndiye anayelipa kodi ya chumba. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mchoraji huyo wageni ni kupona kwa kweli: mwaka 2020 corona ilipowazuia, vichochoro vilikauka na turubai zikabaki zikivuta vumbi. Anayedai sanaa iupinge utalii bila kusema mchoraji atakula nini anadai ushujaa kwa gharama ya mtu mwingine.

Lakini siwezi kuishia hapo pia. Hoja ya tumbo ikiachiwa peke yake, hakuna mji utakaowahi kuulizwa swali. Ninachokiona katika mifano yote hii ni kwamba tofauti iko kwa anayesemeshwa. Mikono mikubwa ambayo Lorenzo Quinn aliisimamisha mwaka 2017 ikitoka majini na kushikilia ukuta wa hoteli moja ya Venice ilitaka kutuonya juu ya bahari inayopanda. Ilikuwa na nia njema, lakini mara ikawa mahali pa kupigia picha za safari. Ilimsemesha mgeni, naye akatabasamu. Kibao cha duka la dawa kinamsemesha mwenyeji. Kikundi kilichokiweka ndicho kilichoandaa, Novemba 2009, mazishi ya mji wenyewe, kwa jeneza lililopitishwa kwenye Mfereji Mkuu. Hakikuuza kitu. Hakikusitisha kuhama kwa watu, hilo lazima likubaliwe, lakini kiliwanyima viongozi nafasi ya kusema hawakujua.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kutegemea mteja wa kichochoroni, kwa hiyo fedha yake lazima itoke kwingine. Venice ilianza Aprili 2024 kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku zenye msongamano. Zanzibar ilianza Oktoba 2024 kumtaka mgeni mtu mzima kutoka nje alipe bima ya dola 44. Fedha hizo zina kazi zake, sisemi ziguswe. Nasema tu kwamba mgeni akipangiwa hulipa. Tozo ndogo, hata ya dola moja kwa kila mgeni, ingetosha kumlipa mchoraji wa Hurumzi miezi mitatu ya kuacha twiga na kuchora mtaa wake jinsi ulivyo: nani kahama, nyumba ipi imekuwa hoteli, nani bado anakaa barazani. Picha hizo zisipelekwe uwanja wa ndege wala kwenye ukumbi wa hoteli. Zitundikwe Darajani, sokoni, ambako watu wa Unguja hununua samaki.